Kopakopa la hesabu: ile barua ya Descartes ni chai, ila hebu tazameni ndani ya kikombe

Mwalimu Bikari

Wakuu, salaam.

Wiki hii nimetumiwa ujumbe uleule mara nne WhatsApp, mara ya mwisho na shemeji yangu, ambaye tangu amalize darasa la saba hajawahi kunitumia kitu chenye alama ya jumlisha. Kwa ambao haujawafikia, kisa ni hiki: mwaka 1649 mwanahisabati Mfaransa, René Descartes, mzee fukara wa miaka 52, anaombaomba mitaani Stockholm. Anapita Christina, binti mfalme wa miaka 18, anavutiwa na akili zake, anamchukua amfundishe hesabu. Mapenzi yanachipua. Mfalme anawaka, anamfukuza mzee nchini, na barua zake zote zinakamatwa. Ya kumi na tatu inapenya kwa sababu haina neno hata moja, ina mlinganyo tu: r = a(1 − sin θ). Wataalamu wa mfalme wanakuna vichwa. Binti anaichora peke yake chumbani, linatokea kopakopa. Mzee anakufa kwa tauni. Chini emoji sita za machozi.

Hii ni chai, tena chai ya mkandaa isiyo na sukari.

Mfalme wa kumfukuza hakuwepo. Baba yake Christina aliuawa vitani huko Lützen mwaka 1632, binti akiwa na miaka mitano, na tangu siku hiyo malkia ni yeye. Descartes naye hakuwa ombaomba. Malkia ndiye aliyemwita, akafika Oktoba 1649 na kufikia nyumbani kwa Chanut, mwakilishi wa Ufaransa. Alipangiwa kufundisha falsafa saa kumi na moja alfajiri, kwenye baridi ya Sweden, mtu ambaye maisha yake yote alizoea kukaa kitandani mpaka jua lipande. Tarehe 11 Februari 1650 akafa kwa nimonia. Ukitaka kulia, lilia hapo kwenye vipindi vya alfajiri. Barua kuhusu mapenzi aliwahi kuandika kweli, mwaka 1647, akamtumia huyo Chanut. Ni barua ndefu ya falsafa ambayo shemeji yangu asingefika nayo aya ya pili.

Na huo mlinganyo wenyewe haumfai. Kupanga nukta kwa umbali na pembe, yaani hizo r na θ, ni mtindo uliozoeleka baada yake. Jacob Bernoulli, mwanahisabati wa Uswisi, aliuchapisha mwaka 1691. Mchirizi huu ulipata jina la kadioidi mwaka 1741, kwenye jarida la Royal Society la London, kutoka kwa Mtaliano aliyejiita Castillon kwa jina la mji aliozaliwa. Kardia ni moyo kwa Kigiriki. Kabla ya jina, Ole Rømer wa Denmark alikutana nao mwaka 1674 akitafuta umbo zuri la meno ya gia, na La Hire Mfaransa akapata urefu wake mwaka 1708. Yaani kopakopa hili asili yake ni gereji zaidi kuliko kasri.

Sasa ulivyo. Simama katikati ya uwanja, chagua a = hatua 10, na tumia r = a(1 + cos θ), ambao ni uleule wa barua ila umelazwa ubavu. Tazama mashariki, pembe 0: tembea hatua 20, chomeka kijiti. Rudi katikati, geuka nyuzi 60: hatua 15. Nyuzi 90: hatua 10. Nyuzi 120: hatua 5. Ukitazama magharibi kabisa, nyuzi 180: hatua 0, unachomeka kijiti kwenye kidole chako cha mguu. Fanya vivyo hivyo upande wa pili, kisha unganisha vijiti.

Wasiopenda pembe, chukueni sarafu mbili za shilingi mia. Bandika moja mezani. Ya pili iviringishe kuizunguka ya kwanza bila kuteleza. Nukta moja kwenye ukingo wa hiyo inayozunguka itachora kadioidi. Jaribuni kwanza, halafu mniambie kichwa cha Mwalimu Nyerere kwenye hiyo sarafu kimepinduka mara ngapi.

Chumvi ya Mawe

Siti ya mbele nimekaa. Karanga zipo.

PCM Mstaafu

Mleta uzi umenirudisha Form Six bila nauli. Tuliichora hii kitu usiku kucha, asubuhi mwalimu akapita na fimbo akitaka "umbo la moyo". Mkuu, lile si umbo la moyo. Lile ni tako. Chini limeviringana, juu limebonyea, mshale wa Kupido ungeingia hapo ni sindano ya malaria.

Na swali langu la tangu enzi hizo halijajibiwa: faida yake nini? Nimeuza vipuri vya pikipiki miaka kumi na moja sasa, hakuna mteja aliyewahi kuniuliza r ni ngapi.

Mwalimu Bikari

PCM, kuhusu tako sikupingi, wengine kwa heshima husema tofaa lililokatwa katikati. Kuhusu faida subiri, humu kuna mafundi.

Nyuki wa Mlimani

Nimefanya ya sarafu nikachanganyikiwa. Sarafu ya juu nimeianza kichwa kimesimama wima. Nimeiviringisha mpaka ikafika chini kabisa ya mwenzake, yaani nusu ya safari. Nikategemea kichwa kiwe chini miguu juu. Kimesimama wima tena! Nimerudia mara tano. Mzunguko mzima kichwa kinapinduka mara mbili, na sarafu ni sawa kwa sawa. Mbona mzingo wa moja ni sawa na wa nyingine, ilitakiwa mara moja?

Mwalimu Bikari

Ndiyo utamu wenyewe huo. Usifuatilie ukingo, fuatilia kitovu cha sarafu inayotembea. Kitovu hicho kiko umbali wa nusukipenyo mbili kutoka kitovu cha ile iliyobandikwa. Kwa hiyo safari yake ni duara kubwa maradufu, na sarafu hujipindua kwa kadiri kitovu chake kinavyosafiri. Mara mbili. Kama ungeiviringisha kwenye mstari ulionyooka wenye urefu wa mzingo mmoja, ingejipindua mara moja tu. Ile ya pili imetokana na kuzunguka kwenyewe.

Usijione mjinga. Mwaka 1982 mtihani wa SAT wa Marekani, ule wa kuingilia vyuo, uliuliza swali la ukoo huu, la duara dogo kuzunguka kubwa lenye nusukipenyo mara tatu yake. Jibu sahihi, 4, halikuwemo kabisa kwenye machaguo. Waliotunga mtihani walinaswa palepale uliponaswa wewe.

Na kuna la kushangaza zaidi. Duara lolote ukitaka mzingo wake lazima upitie kwa pai, 3.14 na mkia wake usioisha. Kadioidi imechorwa na duara likizunguka duara, lakini urefu wake ni vipenyo 8 vya sarafu. Nane kamili, pai imetoweka. Hilo ndilo La Hire alilopata mwaka 1708. Halafu ukitaka eneo la ndani, pai inarudi kama mgeni aliyesahau kofia: ni eneo la sarafu mara 6 kamili.

Dada wa Mapambo

Nane kamili? Mimi natengeneza mapambo ya harusi, vipimo ndiyo ugali wangu. Kesho napima kwa uzi. Ikikataa nakuja kukuumbua hapahapa.

Mwalimu Bikari

Karibu sana dada. Pima kwa uzi usiovutika, ule wa kushonea viatu unafaa.

Mzee wa Spika

Naona mstaafu kauliza faida. Mimi nafunga mitambo ya harusi na mikutano ya injili, nijibu kwa upande wangu.

Chukua maiki ya kawaida ya mkononi ya kuimbia, tazama chini ya kichwa chake au kwenye karatasi ya maelezo. Mara nyingi utakuta kialama kama tofaa lililobonyea upande mmoja. Hiyo ndiyo kadioidi, na ni ramani ya masikio ya maiki. Zile hatua za mleta uzi, 20, 15, 10, 5, 0, zisome hivi: mwimbaji akiwa mbele kabisa maiki inamsikia yote. Akisimama ubavuni, nyuzi 90, inamsikia nusu. Kitu kilichoko nyuma kabisa, upande wa waya, haikisikii.

Inavyotengenezwa: kuna maiki inayosikia pande zote sawa, hiyo ndiyo ile 1. Kuna nyingine inasikia mbele na nyuma, ubavuni kiziwi, na sauti ya nyuma inaingia imegeuzwa, hasi. Hiyo ndiyo kosaini. Ukizijumlisha, mbele zinasaidiana, nyuma zinauana. Zamani iliwekwa mashine mbili ndani ya kopo moja, maiki ikawa nzito kama tofali. Mwaka 1939 kampuni ya Shure ikatoa ile Model 55, ile yenye mbavu za fedha unayoiona kwenye picha za waimbaji wa kale, ambayo ndani ina kiini kimoja tu. Ujanja ni matundu ya nyuma. Sauti inayotoka nyuma inapita kwa njia mbili, moja inacheleweshwa kidogo, zikifika kwenye kiwambo zinasukumana pande zote mbili kwa wakati mmoja na kiwambo hakitikisiki. Maiki yao ya SM58, ya mwaka 1966, ni mjukuu wa ujanja huohuo, na ndiyo hiyo feki zake zimejaa mjini.

Sasa njoo kazini. Spika ya kumrudishia mwimbaji sauti yake unaiweka wapi? Mbele yake chini, ikitazama mgongo wa maiki. Pale kwenye hatua sifuri. Nilishafika ukumbi mmoja nikakuta mtu kaziweka ubavuni, anahangaika kupunguza sauti, mluzi hauishi, bibi harusi kaziba masikio. Nikasogeza spika mbili tu, kimya. Watu wakadhani nina dawa.

Na ninyi wasanii wa kufokafoka mnaokumbatia kichwa cha maiki kwa kiganja mkidhani ndiyo usanii: mnaziba yale matundu. Ukiyaziba kadioidi inakufa, maiki inaanza kusikia pande zote, inaisikia spika, inapiga yowe. Halafu mnanigeukia "DJ vipi".

PCM Mstaafu

Mzee wa Spika, nimesoma mara mbili. Miaka yote mwalimu angetuletea maiki darasani badala ya fimbo, mimi ningekuwa injinia leo.

Chumvi ya Mawe

Au ungekuwa unauza vipuri vya maiki.

Bint Makorora

Mbona mimi hili kopakopa naliona kila siku kwenye kikombe? Asubuhi jua likiingia dirishani, kwenye kikombe cha bati cha maziwa, juu ya maziwa kunatokea mstari wa mwanga umekunjika katikati kama makalio ya mtoto. Bibi yetu alikuwa anasema ukiuona ujue mgeni anakuja.

Mwalimu Bikari

Bint Makorora, hapo ndipo nilipokuwa nasubiri mtu afike. Mstari huo unatokana na miale kugonga ukuta wa ndani wa kikombe na kuruka. Kila mwale peke yake hauonekani, lakini mahali inapobanana panawaka.

Ila nikuvunje moyo kidogo: kwenye kikombe chako hilo ni figo. Jua liko mbali mno, miale yake inafika ikiwa sambamba, na miale sambamba ikigonga duara huchora mchirizi mwingine, nefroidi, kutoka neno la Kigiriki la figo. Huygens, mwanasayansi Mholanzi, aliueleza mwaka 1678. Nefroidi nzima ina vibonyeo viwili. Wewe unaona nusu yake, yenye kibonyeo kimoja, ndiyo maana inadanganya macho. Vitabu kadhaa vimechanganya hizi mbili.

Ukitaka moyo wenyewe, chanzo cha mwanga lazima kikae kwenye ukingo wa duara. Usiku zima taa. Weka bangili pana ya chuma, ile inayong'aa kwa ndani, juu ya karatasi nyeupe. Tochi ya simu iwekee karatasi yenye tundu dogo ili mwanga uwe kama nukta, kisha isogeze mpaka iguse ukingo wa bangili, ikimulika ndani. Kibonyeo kitaonekana kikielekea upande wa tochi. Ukianza kuirudisha tochi nyuma polepole, utauona moyo ukigeuka figo mbele ya macho yako.

Mzee wa Barazani

Assalaam aleikum. Mimi si mtu wa hesabu, ni mtu wa karata. Mnaandika "kopakopa" kama neno la watoto wa emoji. Kopa ni karata. Kopa, uru, shupaza na pao, tumezikuta kwa wazee nao wamezikuta kwa Wareno, waliokaa pwani hii tangu mwisho wa karne ya 15 hadi walipotolewa Fort Jesus mwaka 1698. Kwao ni copas, ouros, espadas, paus.

Sasa mwalimu, unajua copas maana yake nini kwa Kireno? Si mioyo. Ni vikombe. Karata zao za kale zilikuwa na picha ya kikombe mahali ambapo baadaye ukaja kuchorwa moyo, jina likabaki. Kwa hiyo anayesema kopakopa anasema kikombekikombe bila kujua. Nimesoma habari ya yule binti na maziwa yake nikacheka peke yangu hapa barazani, wenzangu wakadhani nimepata turufu.

Mwalimu Bikari

Wa aleikum salaam mzee wangu. Nimefundisha miaka kumi na saba, nimesema "kopa" darasani labda mara elfu, na hili sikuwa nalijua. Shikamoo.

Mzee wa Barazani

Marahaba.

Dada wa Mapambo

Nimerudi, na nimekuja kukuumbua mwalimu.

Mifuniko miwili ya makopo ya maziwa ya unga, kipenyo sentimita 12 kila mmoja, nimepima kwa rula ya chuma. Mmoja nimeugundisha ubaoni. Wa pili nimetoboa tundu karibu na ukingo, nikachomeka penseli, mdogo wangu akashika, tukaviringisha taratibu. Nimelaza uzi juu ya mchoro mzima, nikaunyoosha. Ulitakiwa uwe 12 mara 8, yaani 96. Nimepata 92 na kidogo. Nimerudia mara mbili. Tena na kile kibonyeo chako hakikuchongoka, kimekuja mviringo, laini kama umbo la maharage.

Mwalimu Bikari

Dada, umesema tundu liko karibu na ukingo. Karibu kiasi gani?

Dada wa Mapambo

Nusu sentimita hivi. Ningetoboa ukingoni kabisa bati lingechanika.

Mwalimu Bikari

Basi vipimo vyako ni sahihi, ila umepima mnyama mwingine. Nukta ikiwa ndani ya ukingo, mchoro unaotoka ni limasoni, jina la Kifaransa la konokono, ambalo Roberval, mwanahisabati Mfaransa, aliupa mchirizi uliochunguzwa na Étienne Pascal, baba yake Blaise Pascal. Albrecht Dürer, mchoraji Mjerumani, alishauchora kwenye kitabu chake cha vipimo mwaka 1525, kabla ya hao wote. Kadioidi ni konokono mmoja maalumu katika ukoo huo: ni pale nukta inapokaa ukingoni hasa. Isogeze ndani kidogo, kibonyeo kinalainika na uzi unapungua. Ipeleke nje ya ukingo, kibonyeo kinajifunga fundo kwa ndani.

Nimefanya hesabu kwa tundu lililoingia nusu sentimita kwenye mfuniko wa 12. Inatoka sentimita 92 na theluthi hivi. Dada, mkono wako ni mtulivu kuliko wa wanafunzi wangu wote.

Dada wa Mapambo

Ngoja. Usiniondokee.

(Baada ya saa mbili.) Nimebandika penseli kwa gundi ya karatasi ubavuni mwa mfuniko, ncha ikigusa ukingo wenyewe. Kibonyeo kimechongoka kama ncha ya kalamu. Uzi: 95 na nusu. Ile nusu iliyobaki nadhani tumeteleza tulipokuwa tunapita juu, mdogo wangu alipiga chafya.

Nimekubali. Lakini nataka kitu cha kuuza, si cha kupima. Nifanyeje nipate kopakopa kubwa la ukutani kwa uzi na misumari?

Mwalimu Bikari

Hilo ni jepesi kuliko mifuniko. Chora duara kubwa kwenye ubao, gonga misumari 60 kwa nafasi sawa, ipe namba 1 hadi 60. Kila msumari uunganishe kwa uzi na msumari wenye namba mara mbili yake: 1 kwa 2, 2 kwa 4, 3 kwa 6, mpaka 30 kwa 60. Ukivuka 60, toa 60: msumari wa 31 unaenda 62, yaani 2, wa 32 unaenda 4. Endelea hivyo. Hakuna uzi hata mmoja utakaopinda, yote ni mistari iliyonyooka, lakini katikati kadioidi itajitokeza yenyewe. Misumari 120 ni nzuri zaidi. Ukiunganisha kwa mara tatu badala ya mara mbili, unapata figo la Bint Makorora.

Kijana wa Kodi

Hapo kwenye mara mbili nimeshtuka. Mimi naandika programu, na kuna lile umbo maarufu la Mandelbrot linalofanana na mdudu mwenye vinyweleo vya umeme. Tumbo la yule mdudu ni kadioidi kamili. Unachukua namba c (namba changamano, yaani nukta kwenye karatasi yenye umbali na pembe), unaanza na sifuri, unazidisha ulichonacho kwa chenyewe na kuongeza c, unarudia. Namba zingine zinatorokea mbali, zingine zinatulia. Zile ambazo zinatulia mahali pamoja tu ndizo zinajaza tumbo, na kibonyeo chake kiko kwenye robo, 0.25. Kuzidisha namba kwa yenyewe kunaongeza pembe yake mara mbili, kama misumari ya dada. Nimeiona miaka yote kwenye skrini sikuwahi kuiunganisha na sarafu.

PCM Mstaafu

Kijana, umeongea Kiswahili chote na sijaelewa. Ila nimependa mdudu.

Mwana wa Kwao

Samahani kwa kuchelewa. Nachora kadi za harusi kwa kompyuta. Tako la mstaafu mteja hatalipia. Kuna mlinganyo wa kopa lenye ncha chini?

Mwalimu Bikari

Upo: (x² + y² − 1)³ = x²y³. Huo chini una ncha na mabega yamejaa. Ukichora kwa kompyuta utapendeza. Kwa sarafu au bangili hutaupata, hauna ukoo na mambo ya humu.

Mama Cherehani

Watoto wangu, mimi nasoma tu kimya tangu jana. Kuna kitu kinanikereketa.

Nina cherehani ya Singer ya mama mkwe, ile ya miguu ya zamani, bobini yake ndefu na nyembamba. Pale pembeni pa kujazia uzi kwenye bobini kuna kidude cha chuma kina umbo la kopa, kabisa kabisa. Kinazunguka polepole, kinasukuma kile kikono kinachopeleka uzi kulia na kushoto. Je, ndiyo hiyo kadioidi yenu?

Mwalimu Bikari

Shikamoo mama. Hicho ni ndugu yake wa karibu, ila si yeye. Kwenye bobini uzi lazima ujipange sawasawa, kwa hiyo kikono kinatakiwa kiende kwa mwendo uleule, kisikimbie katikati wala kusinzia mwishoni. Kadioidi ingekikimbiza katikati. Kwa hiyo waliotengeneza walichonga kopa ambalo umbali kutoka kwenye ekseli unaongezeka kiasi kilekile kwa kila pembe, nusu mzunguko kwenda, nusu kurudi. Kila nusu ni kipande cha mchirizi wa Archimedes. Kopa la aina hiyo limo pia ndani ya saa za kupimia mbio, ndilo linalorudisha mshale kwenye sifuri kwa kubofya mara moja.

Lakini kuna jambo wanalorithi wote wawili. Kwenye kadioidi, mstari wowote unaopita kwenye kibonyeo kutoka ukingo hadi ukingo una urefu uleule, ugeuze utakavyo. Rudi kwenye hatua zangu: nyuzi 0 ni 20 na upande wa pili 0, jumla 20. Nyuzi 60 ni 15 na upande wa pili 5, jumla 20. Kopa la cherehani yako nalo liko hivyo kupitia kwenye ekseli. Upande mmoja unapopanda, wa pili unashuka kwa kiasi kilekile. Ukiwa na kaliper, kile kipimo cha taya mbili, pima.

Mama Cherehani

Marahaba. Nimeazima kaliper kwa fundi baiskeli wa jirani.

Nimepima kopa kupitia kwenye ekseli, mara nne, kila mara nimeligeuza kidogo. Tatu zimelingana, hata unywele hazikupishana. Ya nne, ile inayopita kwenye ncha ya kopa, imepungua karibu milimita moja. Nikaitazama ncha kwa miwani, imelika, imekuwa butu.

Mwalimu Bikari

Mama, bobini zako zikijaa, je, upande mmoja uzi hauishii kabla ya kufika mwisho?

Mama Cherehani

Upande wa kulia. Miaka minane. Nilikuwa namlaumu aliyeniuzia uzi.

Mzee wa Spika

Mama, nina rafiki anachonga vyuma mtaa wa Gerezani, Dar. Usimpe mtu alipake gundi hilo. Njoo inbox.